Sahani moja, nafasi moja



Juma hili tunatupa macho mbali, Korea ya Kusini, kwenye miji midogo ya jimbo la Jeolla Kusini. Vijana wengi wa huko wamehamia Seoul, watoto wanazaliwa wachache, na shule kadhaa zimefungwa. Katika zile zinazobaki, mara nyingi kila mwaka una darasa moja tu. Basi watoto wanaoanza pamoja shule ya msingi wanaweza kukua wao kwa wao mpaka miaka 18.

Kwa Kikorea rafiki anaitwa chingu, na hilo ni jina la wenye umri mmoja. Aliyekutangulia hata mwaka mmoja unamwita kaka au dada, kama sisi tunavyosema yaya. (Bibi zetu wangelipenda hilo!) Masomo yakiisha, hao chingu wananunua tteokbokki, vipande vya unga wa mchele katika mchuzi mwekundu wa pilipili, wanakula sahani moja.

Lakini darasani sahani ni nyingine. Kwa miaka mingi, sekondari ya juu iliwapanga wanafunzi wa kila somo katika ngazi 9, na ngazi ya kwanza ilikuwa ya 4 tu kwa kila 100. Tuhesabu pamoja: wanafunzi 25, nafasi moja. Vyuo vikuu vinatazama alama hizo. Kwa hiyo anayemwazima rafiki daftari lake, labda anampa na nafasi yake. Mwaka 2025 walianza kubadilisha: ngazi 5, ya kwanza ni 10 kwa 100. Hata hivyo, kwa wanafunzi 25 ni wawili au watatu tu.

Sisi walimu tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Siku ya proklamasio nasi tunaita majina mbele ya wazazi wote, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, na mama wa yule wa mwisho anatazama chini. Mwaka jana wasichana wawili walioketi benchi moja tangu darasa la kwanza waliacha kusemezana kwa sababu ya pointi tatu. Mama zao nao wakaacha kusalimiana sokoni.

Tumemwomba mkurugenzi mwaka huu tutaje waliopita tu, na kila mzazi apewe buletini mkononi. Bado hajajibu. Wamama wa kamati ya wazazi, tusindikizeni Jumatatu.