Chura Asiyeganda Damu Usingizini

Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini huishi chura mdogo wa mitini aitwaye chura wa kioo, kwa kuwa ngozi ya tumbo lake huonyesha hata moyo unavyodunda. Mwaka 2022 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba chura huyu alalapo mchana juu ya jani, hukusanya takriban asilimia 89 ya chembe nyekundu za damu ndani ya ini, ili mwili upenyeze mwanga na adui asimwone. Aamkapo huziachia tena, bila madhara.

Kwa tabibu, hilo ni la kustaajabisha. Damu ya binadamu ikitulia mno, huelekea kuganda. Aliyevunjika paja, mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee aliyelala wodini wiki nzima: wote wamo hatarini kupata bonge la damu mguuni, nalo likifika mapafuni laweza kuua ghafla. Dawa tulizo nazo huzuia kuganda, lakini zaweza kusababisha kuvuja damu. Chura huyu akijeruhiwa, damu yake huganda ipasavyo. Siri hiyo ikifumbuliwa, huenda ikatupatia tiba salama zaidi.

Lakini siri hufumbuliwa tu iwapo mwenye nayo yungali hai. Chura wa Kihansi, azaaye watoto hai badala ya kutaga mayai, aligunduliwa katika milima ya Udzungwa mwaka 1996. Maji ya maporomoko yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kizazi chake kilisalimika kwa sababu baadhi walikwisha kupelekwa kutunzwa Marekani.

Kwa hiyo nashikilia kwamba ulinzi wa msitu wa Kilimanjaro si kazi ya askari wa hifadhi peke yao. Sisi wa Moshi tunaokunywa maji yake tuuhesabu pia kuwa akiba ya tiba, na watumishi wa afya tuyaseme hayo kliniki na vijijini.

Nawe mgonjwa, chura hajakuletea dawa bado. Ukiruhusiwa na daktari, inuka kitandani mapema na utembee. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikupungukia ghafla, fika hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.