Mizani ya Nyama na Afya ya Wananchi

Miongoni mwa wananchi wa Unguja na Pemba wamo wenye ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ambao wameshauriwa na madaktari wapunguze uzito kwa kuhesabu kalori za chakula chao. Huenda mgonjwa akarejea nyumbani na karatasi iliyoandikwa: nyama, gramu 100. Ushauri huo ni mwema. Lakini tunauliza: gramu 100 za nyama ipi? Mbichi au iliyopikwa? Steki au ya mfupa? Karatasi isiyojibu masuala haya humwacha mgonjwa akibahatisha, na afya si jambo la kubahatisha.

Nyama ikipikwa hupoteza maji, na uzito wake hupungua kwa kiasi cha robo, pengine zaidi ikikaa sana motoni. Kalori haziondoki pamoja na maji hayo. Tuchukue mfano wa nyama mbichi isiyo na shahamu nyingi, ambayo gramu 100 zake zina gramu 20 za protini na gramu 5 za mafuta. Gramu moja ya protini ina kalori 4, na ya mafuta ina kalori 9. Basi jumla ni kalori 125. Nyama hiyo ikitoka jikoni ina gramu 75 hivi, na kalori zake ni karibu zile zile. Kwa hiyo mwenye kupima gramu 100 za nyama iliyoiva, kisha akatumia hesabu ya nyama mbichi, amekula kalori zipatazo 167 huku akiandika 125. Amezidisha theluthi nzima bila ya kujua.

Mfupa na shahamu navyo vina hesabu yake. Kilo ya mchanganyiko yenye robo kilo ya mifupa ni gramu 750 tu za nyama, na zikiiva hubaki gramu 560 hivi. Tena nyama yenye shahamu nyingi yaweza kuwa na kalori mara mbili ya ile isiyo nayo, ijapokuwa uzito ni mmoja. Na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia huongeza kalori zipatazo 120.

Njia iliyo sawa si ngumu. Nyama itolewe mfupa, ipunguzwe shahamu, na ipimwe ikiwa mbichi. Chombo kitupu kiwekwe kwanza juu ya mizani na mshale urejeshwe kwenye sifuri. Pale chungu kinapokuwa cha nyumba nzima, zihesabiwe kalori za nyama yote mbichi pamoja na mafuta yaliyotiwa, kisha nyama iliyoiva igawiwe kwa mizani: fungu la mgonjwa likiwa robo ya uzito wa chungu, mchuzi ukiwamo, basi kalori zake ni robo.

Lakini mnunuzi hawezi kuhesabu sawasawa ikiwa muuza nyama hakupima sawasawa. Mizani ambayo mshale wake umekwisha kupita sifuri kabla ya nyama kuwekwa ni dhuluma, na mfupa uliofichwa ndani ya steki ni dhuluma vile vile. Kila aliyesoma chuoni anaijua sura ya 83 ya Kurani Tukufu, iliyoitwa kwa jina la wapunjao. Hatudhani kwamba yuko muuza nyama katika visiwa hivi anayehitaji kufasiriwa onyo lake.

Kwa hiyo tunawataka wanaohusika na ukaguzi wa vipimo wazikague mizani za mabucha mara kwa mara, mjini na shamba, bila ya kungoja malalamiko. Tunawaomba wakuu wa afya wahakikishe kwamba kila karatasi ya chakula inasema wazi: nyama mbichi, bila ya mfupa. Na kwa kuwa si kila nyumba inamudu kununua mizani ya jikoni, kila kituo cha afya kiwe na moja ya kuwafundishia wagonjwa na wapishi wao. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kumtibu mtu aliyeshika miko kwa uaminifu, lakini kwa hesabu ya makosa.