Mto uMngeni na Maji Machafu



Siku za Idi wengi wetu huwapeleka watoto Blue Lagoon, mahali uMngeni unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili ipo hifadhi ya mikoko ya Beachwood, yenye michu kama ile ya kwetu pwani. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu mitambo ya jiji ya kusafisha maji machafu. Kinyesi kikateremka mitoni hadi baharini, na fukwe zikafungwa.

Sheria haikukosekana. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 1998, kiwango cha jumla cha maji yanayoachiwa mtoni ni vijidudu vya kinyesi visivyozidi 1,000 katika mililita 100. Lakini mwenye mitambo ni manispaa, na msimamizi wake ni wizara; faini ikitozwa, tutailipa sisi wenyewe kwa kodi zetu! Afadhali fedha hizo zitengeneze pampu, na vipimo vitangazwe kila wiki.

Maji yenye vijidudu huweza kuonekana safi kabisa. Basi waulizeni kwanza walinzi wa ufukweni, na baada ya mvua kubwa watoto wachezee mchangani.