Mathenge: Mgeni Asiyeponya

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mathenge, mti uliotoka Amerika, ulikaribishwa Baringo mapema miaka ya 1980 ili kulizuia jangwa. Ukayameza malisho. Katika kesi ya mwaka wa 2006, wafugaji walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani, ushahidi kwamba maganda yake matamu huozesha meno.

Hata hivyo, kosa si la mti pekee. Mbuzi huzitawanya mbegu kwa kinyesi, nazo hustawi hasa pale ardhi ilipolishwa kupita kiasi, pasipo nyasi za kushindana nazo. Kung'oa mathenge bila kurejesha nyasi ni kumfukuza mgeni na kuuacha mlango wazi. Tuanze kwa kuiponya ardhi yenyewe.