Waa la Unyayoni na Maradhi ya Tumboni

Wengi wetu huamini kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya watu weupe wanaochomwa na jua. Ni kweli kwamba wao ndio huipata zaidi. Lakini ipo aina iitwayo melanoma, inayoanzia katika seli zinazoipa ngozi rangi yake. Kwa watu weusi, aina hii hutokea zaidi mahali pasipopigwa na jua sana: nyayoni, viganjani na chini ya kucha.

Hatari ya melanoma ni kuhama kwake. Seli zake hufuata mishipa ya damu na ya limfu hadi mapafuni, ubongoni, kwenye ini na katika utumbo mwembamba. Humo utumboni huvujisha damu kidogo kidogo. Mgonjwa huchoka, hupungukiwa na damu, husokotwa na tumbo na kutapika, na choo chake huweza kuwa cheusi kama lami. Wakati mwingine utumbo huziba. Kwa kuwa baadhi ya dalili hizi hufanana na za vidonda vya tumbo, ni rahisi kumeza dawa za vidonda huku chanzo hakijajulikana. Tena huweza kuzuka miaka mingi baada ya waa kukatwa, watu wamekwisha kulisahau.

Kwa hivyo, aliyewahi kuondolewa melanoma na amweleze daktari kila anapopeleka malalamiko ya tumbo, hata asipoulizwa.

Nanyi kina mama na dada, hina na piko hupakwa papo hapo ambapo maradhi haya hujificha. Kabla ya kupaka, tazameni. Waa jeusi linalotanuka au kubadilika rangi, kidonda kisichopona, au mstari mweusi wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, si vya kufunikwa kwa rangi. Mistari mingi ya kucha haina madhara, ila anayeweza kuipambanua ni daktari, kwa kukata kipande kidogo kikapimwe.

Miguu tunaiosha kila siku kwa udhu. Basi na tuigeuze nyayo tuziangalie. Bibi asiyeweza kuinama, mjukuu na amtazamie. Waa likiondolewa lingali jembamba, aghalabu mgonjwa hupona. Likishafika matumboni, tiba huwa ngumu mno.