DAMU YA WATU WA MLIMANI IPIMWE

Maneno haya twayasikia mara kwa mara katika misiba ya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Marehemu alikuwa mzima. Alishinda kihambani, jioni akala pamoja na watu wake, akalalamika kidogo juu ya kifua au juu ya tumbo, akalala, wala hakuamka. Wazee husema siku yake ilikuwa imefika. Wengine hunong'ona na kumtazama jirani kwa jicho baya. Hatupendi kubishana na waliofiwa wakati wa matanga, lakini matanga yakiisha twaona ni haki yetu kuuliza swali moja: je, damu ya mtu yule ilipata kupimwa hata mara moja katika maisha yake, ili ijulikane moyo wake ulikuwa unaelekea wapi?

Hatuulizi kwa ajili ya udadisi tu. Madaktari wa hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, waliwachunguza watu wazima waliofika katika chumba cha dharura wakiwa na maumivu ya kifua au wakikosa pumzi. Kila mmoja alipimwa umeme wa moyo na akatolewa damu ili itafutwe troponini, yaani protini iliyomo ndani ya misuli ya moyo, ambayo huvuja na kuingia katika damu misuli hiyo inapoumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa amepatwa na mshtuko wa moyo. Walio wengi miongoni mwao, kwa matibabu ya kawaida, walikuwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine. Na zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki kabla ya siku 30 kupita.

Twawasifu mabingwa hao, kwa kuwa si jambo jepesi kujichunguza mwenyewe na kuyatangaza uliyoyaona. Aibu, kama ipo, si ya hospitali moja. Kwa miaka mingi nchi nzima imefundishwa kwamba mshtuko wa moyo ni maradhi ya Wazungu na ya matajiri. Mwananchi akishikwa na kifua husema ni kichomi, au ni gesi, au ni vidonda vya tumbo. Naye mhudumu wa zahanati, ambaye amefundishwa hayo hayo na hana kipimo cha kumwonyesha vingine, humpa dawa ya alichokisema.

Mafundisho hayo hayakuwa uongo yalipoanza. Mwaka 1993 Profesa Andrew Swai, marehemu Profesa Donald McLarty na wenzao walichapisha habari za uchunguzi wao katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Waliona kwamba mambo yanayoleta ugonjwa wa mishipa ya moyo, kama vile unene, kisukari na wingi wa lehemu katika damu, yalikuwa machache kwa watu wa shamba. Mtu aliyekwenda kwa miguu kutoka juu mlimani hadi sokoni na kurudi na mzigo kichwani, akala ndizi, maharagwe na mboga, hakuwa na mafuta ya kuziba mishipa yake. Lakini watu wale si watu wa leo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu, na kiasi cha 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Bodaboda imefika hadi mlangoni. Mafuta ya kukaangia yanauzwa kwa vipimo vidogo katika kila duka. Nyama choma na bia, ambazo zilikuwa za sikukuu, zimekuwa za kila Jumamosi, na katika baa za Moshi mjini Jumamosi huanza Alhamisi.

Sasa, damu inaweza kutuambia nini kabla mtu hajaanguka?

Yapo mambo ambayo damu husema kwa uwazi na kwa bei ndogo. Sukari ni mojawapo. Lehemu ni ya pili, hasa ile lehemu mbaya ambayo hujiganda katika kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka pasipo maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya, yaliyogawanywa kwa kanda za dunia, na Afrika Mashariki ina jedwali lake. Mhudumu huangalia umri wa mtu, kama ni mume au mke, kama avuta sigara, shinikizo lake la damu, kama ana kisukari, na kiasi cha lehemu yake. Kisha huona katika kisanduku chenye rangi uwezekano wa mtu huyo kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Mahali pasipo na maabara lipo jedwali jingine, ambalo badala ya sukari na lehemu hutumia uzito na urefu. Twapenda kulitaja jambo hili kwa mkazo, maana wako watu wadhanio kwamba bila mashine kubwa hakuna kinachowezekana. Mizani, futi ya kupimia urefu, na kipimo cha presha kinachofanya kazi vyatosha kuanzia.

Yapo pia mambo ambayo damu husema kwa lugha ngumu zaidi, nayo ndiyo yanayotangazwa sana siku hizi. Mwaka 2024 ilitolewa habari kutoka Marekani ya wanawake 27,939 ambao damu yao ilichukuliwa walipokuwa wazima, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha wakafuatwa kwa miaka 30. Katika damu ile vilipimwa vitu vitatu: lehemu mbaya, protini iitwayo C, ambayo hupanda mwili unapowaka kwa ndani, na aina moja ya chembe za mafuta iitwayo lipoprotini (a), ambayo mtu huirithi kwa wazazi wake na ambayo chakula hakiibadilishi sana. Wanawake waliokuwa na viwango vya juu vya vyote vitatu walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi zaidi ya mara mbili kuliko wale waliokuwa na viwango vya chini. Damu ya siku moja ilikuwa imeeleza mambo ya miaka 30. Hapana shaka kwamba hii ni elimu kubwa.

Lakini tusiipokee elimu hiyo kama mtu apokeaye nguo za mitumba, akazivaa bila kujipima. Wanawake wale walikuwa wafanyakazi wa afya wa Marekani, na karibu wote walikuwa Wazungu. Protini C waliyopimwa hupanda pia kwa malaria, kwa kifua kikuu na kwa jipu la jino. Huko Boston mtu akiwa na kiwango cha juu daktari hufikiri mishipa ya moyo. Hapa kwetu, katika tambarare za Kahe msimu wa mvua, atakuwa na haki ya kufikiri mbu kwanza. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ambacho husomwa katika himoglobini, hupotoka kwa mtu mwenye upungufu wa damu au mwenye chembechembe za selimundu, na watu hao kwetu si wachache. Na hiyo lipoprotini (a) kwa kawaida ni nyingi zaidi katika damu ya Waafrika kuliko katika damu ya Wazungu. Je, mstari wa hatari uliochorwa kwa Wazungu ndio wetu pia, au wetu wapaswa kuchorwa mahali pengine? Swali hili halijibiwi kwa kusoma vitabu vya wengine. Hujibiwa kwa kuwafuata watu wetu wenyewe kwa miaka mingi, kama walivyofuatwa wale.

Wala mtu asiseme kwamba kazi ya namna hiyo haiwezekani Tanzania, kwa kuwa imepata kufanyika. Mabingwa kutoka Italia walikwenda Lugalawa, katika milima ya Ludewa, wakapima damu ya wanavijiji ambao karibu chakula chao chote kilikuwa cha mimea; kisha wakateremka hadi kando ya Ziwa Nyasa, wakapima damu ya watu wa asili iliyo karibu na ile, ambao walikula samaki kila siku. Walao samaki walikuwa na shinikizo la chini zaidi, lehemu kidogo zaidi, na hata ile lipoprotini (a) ilikuwa kidogo kwao. Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1996 katika jarida la Lancet, na madaktari wa nchi nyingi wamezisoma. Ni wangapi katika Ludewa walizisoma? Twasema haya bila chuki kwa wageni, ambao walifanya kazi njema. Lakini damu iliyotoka katika mkono wa mkulima ina deni kwake, na deni hilo hulipwa kwa majibu anayoyaelewa.

Huku mlimani mwanzo umekwisha kufanywa. Wilaya ya Hai ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo tangu mwaka 1992 vifo vya watu wazima vilihesabiwa nyumba kwa nyumba na sababu zake kuulizwa. Na baadaye, kati ya mwaka 2003 na 2006, kiharusi kilihesabiwa hapo hapo na Dar es Salaam. Watu wa Hai wamezoea kuulizwa maswali na hawaogopi karani mwenye daftari. Kuna hospitali ya mkoa ya Mawenzi, kuna KCMC pamoja na chuo chake, na kuna hospitali za wilaya na za mashirika ya dini kandokando ya mlima. Si mikoa mingi iliyo na hazina kama hiyo.

Tungependa, basi, kuona mambo yakifuatana kwa utaratibu. Troponini ipatikane mchana na usiku katika kila hospitali inayopokea wagonjwa wa dharura, kwa kuwa hii si ya kubashiri tu. Ni ya kumwokoa aliyekwisha kushikwa. Ipimwe mara mbili kwa kupishana saa chache pale inapotakiwa, na mhudumu afundishwe kwamba hupanda pia kwa mgonjwa wa figo. Sukari na lehemu zipimwe kwa kila mtu aliyepita miaka 40 afikapo kituo cha afya, hata kama amekuja kwa ajili ya mguu. Vipimo vipya vya gharama kubwa vianzie mikononi mwa watafiti, si katika mifuko ya wagonjwa.

Na hapa hatuna budi kuwataja wale wanaozunguka sokoni na katika viwanja vya mikutano na kijisanduku chenye taa, wakimwambia mtu ashike kijiti cha chuma, na baada ya dakika moja wakamtolea karatasi inayoeleza hali ya moyo, ini, figo na mifupa yake. Hakuna tone la damu lililotoka. Karatasi hiyo haina maana yoyote, ila mwisho wake daima kuna chupa ya dawa ya kununua. Mwananchi anayelipa fedha nyingi kwa chupa hiyo hukosa fedha ya kidonge cha presha, ambacho ndicho kingemsaidia.

Litaulizwa jambo la gharama. Ni kweli kwamba vitendanishi huagizwa kutoka nje, na mara nyingine mashine hukaa kimya mwezi mzima kwa kukosa chupa moja. Bunge lilipitisha mwaka 2023 sheria ya bima ya afya kwa wote. Twashauri kwamba kipimo cha sukari na cha lehemu kwa aliyepita miaka 40 kihesabiwe kuwa haki ya kila mwenye bima, wala asiambiwe kwamba hawezi kupimwa mpaka augue. Gharama ya kiharusi kimoja, ukihesabu kitanda, na binti aliyeacha kazi ili amgeuze mama yake, na shamba lililokaa bila kupaliliwa, ni kubwa mno kuliko ya vipimo vya kijiji kizima.

Tuna pendekezo moja zaidi, ambalo ni la watu wa Kilimanjaro hasa. Kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na wana wa mlimani warudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na nchi za nje. Kwa wiki mbili ukoo mzima hukaa chini ya mgomba mmoja, babu, wana na wajukuu. Maradhi ya moyo hutembea katika ukoo. Basi ni wakati gani mwingine ambapo daktari anaweza kuukuta ukoo wote pamoja? Ziwekwe meza penye kanisa, penye msikiti na penye soko, zenye kipimo cha presha, mizani, na sindano ya kuchoma ncha ya kidole. Kila mtu aandikiwe karatasi yake. Anayerudi Dar es Salaam aichukue aipeleke kwenye kliniki yake, na mama anayebaki Uru au Mwika aandikishwe katika zahanati iliyo karibu naye, ambayo ni lazima iwe na vidonge mwezi wa Januari, na Februari, na baadaye. Pasipo vidonge hivyo meza haina faida. Itamtia mama huyo hofu tu, kisha itamwacha nayo.

Idadi ya watu wanaorudi inaweza kukisiwa, na vidonge vyaweza kuagizwa kwa kufuata idadi hiyo. Twaiomba ofisi ya mganga mkuu wa mkoa iianze hesabu hiyo mapema, mabasi yakiwa bado yana nafasi.