Maji Hayayeyushi Kitambi

Siku hizi limezuka somo ambalo halikuwamo katika kitabu chochote nilichofundishia. Linafundishwa barazani, sokoni, ndani ya mabasi na katika simu za mkononi, na walimu wake ni wengi kuliko wanafunzi. Somo lenyewe ni hili: ukitaka kupungua unene na kuondoa tumbo, kunywa maji lita nne au tano kila siku, nayo yatayeyusha mafuta na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nikafundisha na kuongoza shule katika mwambao huu wa Kilwa na Lindi hadi nikastaafu. Mshahara umekoma, lakini ualimu haujakoma. Kwa hiyo nasema wazi kwamba somo hilo ni la uongo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba linatuficha ukweli ambao ungetufaa.

Tuanze na hayo mafuta. Kila mpishi anajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Mimina maji katika sufuria yenye mafuta uone kama yatayeyuka. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu ya mahali yanakokwenda mafuta mtu anapokonda. Walikuta kwamba katika kilo 10 za mafuta yaliyochomwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya ukaa, na kilo 1.6 tu hugeuka maji. Mafuta hutoka kwa pua na kinywa, ndugu msomaji, tena hutoka pale tu mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko ulizoingiziwa kwa chakula. Hakuna idadi ya vikombe inayoweza kuibadili hesabu hiyo.

Na je, hizi glasi nane zinazohubiriwa zimetoka wapi? Mwaka 1945 halmashauri ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anafaa kupata kiasi cha lita mbili na nusu za maji kwa siku. Sentensi zilizofuata zilieleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo katika chakula. Watu walisoma sentensi ya kwanza, wakafunga kitabu. Mwaka 2002 Dakta Heinz Valtin, bingwa wa elimu ya figo, aliutafuta ushahidi wa glasi hizo nane kwa watu wazima wenye afya, na hakuupata. Mwanafunzi wangu aliyejibu swali baada ya kusoma nusu yake nilimpa sifuri. Sioni kwa nini watu wazima wapewe alama nyingine. Mvuvi anayeshinda juani na mwenzake anayechota chumvi katika mashamba ya chumvi watahitaji maji mengi kuliko karani aliyekaa kivulini. Kiu na rangi ya mkojo hueleza mengi, ingawa sisi wazee tusingoje kiu, maana kwa umri wetu huchelewa kuja.

Kuna atakayeuliza: basi maji hayana faida kwa mnene? La hasha, yanayo. Mwaka 2010 huko Marekani, watu wa makamo na wazee waliokuwa wamepunguza chakula walipewa nusu lita ya maji kabla ya kila mlo mkuu. Baada ya wiki 12 walikuwa wamepungua kiasi cha kilo mbili zaidi ya wenzao waliopunguza chakula bila maji hayo. Mwaka 2015 Waingereza wa Birmingham walijaribu jambo kama hilo, tofauti ikawa kilo moja na kitu. Ni faida ndogo, lakini ni ya kweli, na inaelekea sababu yake ni nyepesi: tumbo lililotangulia kupata kitu haliililii sahani ya pili.

Faida kubwa zaidi iko kwingine, na ndipo ugomvi wangu ulipo. Maji humpunguza mtu yanapochukua nafasi ya sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 au zaidi, yaani vijiko vya chai saba hadi vinane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, ambayo ni karibu vijiko sita kwa siku. Chupa moja imekwisha kuupita mpaka huo bora. Ongeza chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu, na ya jioni yenye vitatu vingine pamoja na vitumbua. Mtu huyo akinywa lita tano za maji juu ya hayo yote, atapata safari nyingi za chooni na kitambi chake kitabaki palepale.

Lakini nani atathubutu kumtengea mgeni maji? Nenda harusini Kivinje, nenda kwenye hitima Masoko, nenda kwenye mkutano wa wazazi Lindi mjini. Heshima ya mgeni ni soda. Akipewa maji atanuna, na mwenyeji ataitwa bahili. Adabu hii si ya mababu. Wao walimwangulia mgeni dafu. Soda tuliipa cheo katika miaka ya shida ya bidhaa, miaka ya 1980 ilipoanza, wakati kreti moja ilikuwa jambo la kusimuliwa mtaa mzima. Uhaba umekwisha zamani, cheo kimebaki. Unene nao si mgeni mwambaoni: Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331 hadi Kilwa, aliandika jinsi watu wa Mogadishu walivyokula kwingi na kunenepa. Ila hao hawakuwa na kreti za soda.

Najua jibu nitakalopewa: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na maji ya chupa yanataka fedha kama soda. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo inayowaumbua wahubiri wa lita nne. Nyumba ya watu wanne pamoja na mama yao ikilifuata somo lao, ndoo nzima ya lita 20 itakwisha kabla sufuria halijatiwa maji. Ndoo hiyo nani ameibeba kichwani? Anayetaka watu wanywe maji na aanze kwa kudai bomba linalotoa maji na tangi la mvua shuleni.

Limebaki la tumbo kujaa. Hapa pia dawa hutajwa moja, ilhali maradhi ni mengi. Anayekula ng'onda na papa mkavu kila siku hula chumvi nyingi, na chumvi huyazuia maji mwilini. Shirika la Afya linataka isifike gramu 5 kwa siku. Soda huleta gesi. Anayekosa choo atasaidiwa na maji pamoja na mboga na matunda. Lakini tumbo lililovimba siku nyingi, au miguu inayobonyea kwa kidole, ni jambo la hospitali. Huenda ni moyo, figo au ini, na pwani yetu inavijua vilevile kichocho na matende. Mwenye moyo au figo dhaifu akijazwa lita tano, anadhuriwa. Hata wazima hudhurika: katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi katika damu, hasa waliokunywa kupita kiasi.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakachimba vyoo na kuchemsha maji. Hatukuahidiwa miujiza. Tulielezwa sababu, tukapewa kazi. Kampeni ya namna hiyo inaweza kuanza leo bila redio: mwenye shughuli atangulize mtungi wa maji yaliyochemshwa na vikombe safi, au madafu panapo minazi, na soda aiache dukani. Wazee tulioketi mbele tuwe wa kwanza kuyapokea maji hayo, tena kwa shukrani, ili vijana waone kwamba aliyetutengea ametuheshimu.